Rangi kuukuu ya nyumba ni sumu kwa mtoto wako

Na MWANDISHI WETU

MTOTO wa umri wa mwaka mmoja na nusu amesimama kando ya dirisha, ameshika kizingiti kwa mikono yote miwili, akiwatazama wapita njia. Rangi ya dirisha hilo imepigwa na jua kwa miaka mingi hadi imeanza kuambuka kama magamba ya samaki.

Akichoka kutazama, anashuka sakafuni, anaokota mwanasesere wake, kisha kidole kinaingia kinywani. Hakuna mtu aliyemwona akila kitu kibaya. Hata hivyo, ikiwa rangi hiyo ni ya zamani, huenda mtoto huyo amemeza risasi.

Risasi inayozungumziwa hapa si ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, ingawa jina ni moja kwa sababu ile ya bunduki hutengenezwa kwa madini haya haya. Ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo kwa karne nyingi yaliwapendeza mafundi kwa kuwa huyeyuka upesi na hustahimili maji na hewa. Yalitumiwa katika mabomba ya maji, petroli, betri za magari na rangi za nyumba.

Wakenya wengi walianza kuisikia sumu hii kupitia masaibu ya wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Bi Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga alipatikana na risasi mwilini, aliongoza kampeni iliyompa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mnamo 2015. Mwaka wa 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua kwamba wakazi hao walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Baada ya rufaa na mivutano, Mahakama ya Juu iliutilia nguvu uamuzi huo mnamo Desemba 2024.

Lakini sumu ya risasi haihitaji kiwanda wala moshi. Yaweza kukaa kimya ukutani au mlangoni kwa miaka 50 au zaidi, ikingoja tu siku ambayo rangi itachakaa, au siku ambayo fundi atafika na msasa mkononi.

Kwa nini risasi ilitiwa katika rangi?

Watengenezaji wa rangi hawakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Chokaa nyeupe ya risasi iliipa rangi weupe wa kuvutia, iliifanya ishike vyema ukutani na istahimili mvua. Aina nyingine za madini hayo zilitoa manjano, machungwa na mekundu yanayong'aa. Nyingine ilipakwa kwenye vyuma ili visipate kutu.

Kwa sababu hiyo, risasi ilipatikana zaidi katika rangi za mafuta, ambazo hupakwa milango, fremu za madirisha, mageti, vyuma vya madirisha, vishikio vya ngazi na samani. Rangi za maji zinazopakwa kuta za ndani kwa kawaida hazitiwi madini hayo.

Tazama orodha hiyo tena. Karibu kila kitu kilichomo ni kile ambacho mtoto anayejifunza kutembea hukishika ili asianguke.

Leo Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyoweka kiwango cha lazima cha risasi katika rangi. Kiwango hicho ni sehemu 90 kwa kila sehemu milioni, yaani katika kilo moja ya rangi iliyokauka risasi isizidi miligramu 90. Kwa kulinganisha, katika baadhi ya rangi nyeupe za mafuta za mwanzoni mwa karne ya 20, risasi iliweza kufikia hadi nusu ya uzani wa rangi iliyokauka.

Ni hatua njema. Hata hivyo, kiwango kipya husimamia mkebe mpya wa rangi. Hakiwezi kurudi nyuma na kuibandua rangi iliyopakwa kabla yake. Kenya ilianza kudhibiti jambo hili katika muongo wa 2010, na uchunguzi uliofanyiwa rangi za mafuta zilizouzwa madukani humu nchini katika muongo huo ulipata baadhi yake zikiwa na risasi nyingi kupita kiasi. Hivyo basi, 'nyumba ya zamani' kwetu si lazima iwe jumba la Mji wa Kale, Mombasa, au nyumba za Kaloleni, Nairobi, zilizojengwa enzi za ukoloni. Yaweza kuwa ghorofa iliyopakwa rangi miaka 15 tu iliyopita.

Hii haina maana kwamba kila nyumba ya zamani ina sumu. Maana yake ni kwamba kwa kuitazama tu huwezi kujua, na anayejali watoto hana budi kuichukulia rangi kuukuu ya mafuta kuwa na risasi hadi ithibitishwe kwamba haina.

Somo la Queensland

Jambo hili si geni katika elimu ya utabibu. Mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wa jimbo la Queensland, Australia, walianza kuona watoto wenye maradhi ya ajabu. Baadhi yao walikuwa na maumivu makali ya tumbo, wengine walipooza viungo, na wengine macho yaliwaharibika. Madaktari walitambua kwamba ni sumu ya risasi, lakini hawakujua ilikotoka.

Mnamo 1904, daktari wa macho kwa jina J. Lockhart Gibson alitoa jibu. Nyumba za Brisbane zilikuwa za mbao, zikiwa na baraza na vizuizi vilivyopakwa rangi ya risasi. Jua kali la huko liliigeuza rangi hiyo kuwa unga. Watoto walicheza barazani, wakashika vizuizi, kisha wakanyonya vidole na kuuma kucha.

Ilichukua miaka 18 zaidi kabla ya jimbo hilo kupitisha sheria, mnamo 1922, ya kupiga marufuku rangi ya risasi mahali ambapo watoto wangeweza kuifikia. Ufaransa, Ubelgiji na Austria zilikuwa tayari zimechukua hatua dhidi ya rangi nyeupe ya risasi mnamo 1909, hasa kwa ajili ya kuwakinga mafundi.

Marekani nayo haikupiga marufuku rangi hiyo majumbani hadi 1978, miaka 74 baada ya Gibson kuonya. Taifa hilo lingali linalipia kuchelewa huko. Kwa mujibu wa idara yake ya nyumba, makazi yapatayo milioni 29 nchini humo bado yana hatari itokanayo na rangi hiyo, ikiwa ni rangi iliyochakaa, vumbi au udongo wenye risasi.

Yeyote anayeishi Mombasa, Malindi au Lamu anaifahamu kazi ya jua na upepo wa bahari juu ya mlango uliopakwa rangi. Ukipitisha kiganja, hubaki na unga mweupe. Unga huo ndio uliowadhuru watoto wa Brisbane.

Adui ni vumbi

Watu wengi wakisikia habari ya sumu hii humfikiria mtoto anayebandua rangi na kuitafuna. Watoto wa aina hiyo wapo, na rangi yenye risasi ina ladha tamutamu. Lakini njia kuu ya sumu hii nyumbani ni vumbi, ambalo mara nyingi huwa laini kiasi kwamba halionekani kwa macho.

Vumbi hilo hutokea pale ambapo vitu husuguana. Kila dirisha linapofunguliwa na kufungwa, mbao mbili au vyuma viwili hukwaruzana. Kila mlango unaokwama hula rangi ya fremu yake. Vumbi huanguka kizingitini na sakafuni, nalo hutua juu ya mkeka, mito, vinyago na chupa ya maziwa.

Nje ya nyumba, rangi inayoambuka huanguka chini ya ukuta na kuchanganyika na udongo. Kando ya barabara za zamani pia kuna mabaki ya moshi wa magari yaliyotumia petroli yenye risasi. Kenya iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria, taifa la mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mnamo Julai 2021. Hata hivyo, risasi haiozi. Iliyoanguka ardhini hubaki ardhini.

Mtu mzima na mtoto wakiishi katika chumba kimoja chenye vumbi hilo, mtoto ndiye huumia zaidi. Kwanza, yeye hutambaa sakafuni na kutia mikono kinywani mara nyingi kwa siku. Pili, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), tumbo la mtoto mchanga hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya la mtu mzima. Tatu, ubongo wake bado unajengwa.

Mwili hudanganyika kwa sababu risasi hujifanya kalisiamu, yale madini yanayojenga mifupa na kusaidia neva kupashana habari. Ikishapokelewa kama mgeni wa heshima, huingia katika damu, ubongo, figo na mifupa. Katika damu hupungua baada ya wiki kadhaa, lakini katika mifupa hukaa kwa miongo.

Ndiyo maana mama aliyemeza risasi akiwa msichana anaweza kumpitishia mwanawe aliye tumboni. Wakati wa ujauzito mifupa hutoa kalisiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi iliyojificha humo hutoka pamoja nayo.

Ugonjwa usiobisha hodi

Ugumu wa sumu hii ni kwamba mara nyingi haina dalili. Mtoto akiwa na kiasi kikubwa sana mwilini atalalamika tumbo, atakosa choo, atapungukiwa damu, na hatimaye anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu au kufa. Lakini watoto wengi walioathirika hucheza, hula na kulala kama wenzao.

Madhara yao hujitokeza baadaye, darasani. Mnamo 1979, daktari Herbert Needleman na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliobadilisha fikra za wengi. Walikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto zaidi ya 2,000 katika miji ya Chelsea na Somerville, jimbo la Massachusetts, wakapima risasi iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake.

Hakuna hata mmoja wa watoto hao aliyekuwa amelazwa hospitalini kwa sumu. Hata hivyo, wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini zaidi katika majaribio ya akili. Walimu wao, ambao hawakujua matokeo ya meno, waliwataja kuwa watoto wasiotulia, wasioweza kufuata maagizo na wepesi wa kukata tamaa.

Needleman aliwafuatilia baadhi yao hadi ujanani. Katika ripoti yake ya 1990, waliokuwa na risasi nyingi utotoni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuacha shule ya upili kabla ya kuhitimu na ya kupata taabu ya kusoma.

Ni watoto wangapi wameitwa wazembe, watundu au wagumu wa kuelewa, na wakaadhibiwa kwa kosa ambalo lilifanywa na mlango wa chumba chao?

Kadiri utafiti ulivyoongezeka, ndivyo kiwango cha kutia wasiwasi kilivyoshushwa. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Marekani walishtuka tu damu ya mtoto ilipofikisha mikrogramu 60 za risasi katika kila desilita. Mnamo 1991 kiwango cha kutia wasiwasi kilikuwa 10, mnamo 2012 kikawa 5, na tangu 2021 ni 3.5. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni moja.

WHO inasema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) na shirika la Pure Earth ya mwaka wa 2020 ilikadiria kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi katika kila desilita ya damu.

Dawa hairejeshi kilichopotea

Mzazi atauliza: je, hakuna dawa? Ipo. Ni dawa inayoishika risasi iliyo katika damu ili itoke kupitia mkojo. Huokoa maisha ya watoto walio na kiasi kikubwa sana, na WHO inapendekeza itumiwe hasa kuanzia mikrogramu 45 kwa desilita.

Lakini dawa hiyo ina mpaka wake. Mnamo 2001 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 780 waliokuwa na kiwango cha kati ya 20 na 44. Nusu walipewa dawa na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Risasi katika damu ya waliopewa dawa ilipungua. Baada ya miaka mitatu, hata hivyo, majaribio ya akili, tabia na uelewa hayakuonyesha tofauti yoyote kati ya makundi hayo mawili.

Kwa maneno mengine, dawa inaweza kuisafisha damu kwa muda, lakini haiujengi upya ubongo. Kusubiri hadi mtoto apimwe na kupatikana na sumu ndipo nyumba ikaguliwe ni kumfanya mtoto kuwa kifaa cha kupimia nyumba.

Siku ya hatari zaidi

Siku ambayo nyumba ya zamani huwa na hatari zaidi ni ile ambayo wenyewe wanaipendezesha.

Aghalabu hufanyika kwa nia njema kabisa. Krismasi au Idd inakaribia, au mama ni mjamzito na familia inataka kumwandalia mtoto chumba. Fundi anaitwa. Anaanza kwa kukwangua rangi ya zamani kwa kisu, kisha anapiga msasa mkavu milango na madirisha hadi yawe laini. Vumbi linajaa nyumba nzima. Jioni sakafu inafagiwa kwa ufagio, na vumbi linapaa upya. Familia inalala humo humo.

Katika siku moja, rangi iliyokuwa imetulia kwa miaka 30 imegeuzwa unga unaoweza kuvutwa puani na kumezwa. Fundi mwenyewe ni wa kwanza kuathirika, kisha hulibeba vumbi hilo katika nguo zake hadi kwa watoto wake.

Ikiwa ni lazima rangi ya zamani iguswe, haya ndiyo ya kuzingatiwa:

Waondoe watoto na wajawazito katika nyumba, si katika chumba tu, hadi kazi na usafi vikamilike. Kwa jamaa au jirani ni bora kuliko katika chumba cha pili.

Toa vyombo, matandiko na vinyago. Visivyoweza kutolewa vifunikwe kwa karatasi ya plastiki. Tandaza plastiki sakafuni na ufunge mlango unaoelekea vyumba vingine.

Rangi isikwanguliwe ikiwa kavu. Inyunyiziwe maji kwanza, na msasa utumike ukiwa umelowa. Mashine ya umeme ya kupiga msasa isitumiwe, ila iwe na kifaa maalumu cha kunasa vumbi laini.

Rangi isichomwe kwa moto wa gesi wala isikaangwe kwa mashine ya joto kali. Joto huigeuza risasi kuwa moshi, na moshi huo ni hatari kuliko vumbi.

Fundi avae barakoa inayozuia vumbi laini. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Asile wala kuvuta sigara akiwa kazini, na abadilishe nguo na kunawa kabla ya kwenda kwake. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kazi ikiisha, plastiki ikunjwe kwa ndani na kufungwa mfukoni pamoja na magamba yote. Kisha sakafu, vizingiti na kuta zipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, zisuuzwe kwa maji mengine safi, na zirudiwe tena. Vitambaa vilivyotumiwa vitupwe. Mabaki yasichomwe wala yasimwagwe uani.

Mara nyingi, lakini, si lazima kukwangua. Rangi ya zamani ambayo ingali imeshika imara inaweza kufunikwa kwa rangi mpya isiyo na risasi. Kwa ukuta, yaweza kuzibwa kwa plasta au ubao. Rangi iliyofunikwa vizuri haitoi vumbi. Isipokuwa tu katika madirisha na milango inayokwaruzana, ambako rangi mpya nayo italika upesi. Huko suluhisho la kudumu ni kurekebisha bawaba ili visisuguane, au kubadilisha fremu yenyewe.

Unaponunua rangi mpya ya mafuta, soma maandishi ya mkebe. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na maelezo kwamba haina risasi.

Nyumba si yako, mtoto ni wako

Wasomaji wengi watasema kwamba wao ni wapangaji. Mwenye nyumba ndiye mwenye uamuzi, na akiulizwa sana huenda akapandisha kodi. Nchini Marekani, tangu 1996, mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 hulazimika kisheria kumwambia mpangaji anachokijua kuhusu rangi ya risasi kabla ya kutia saini. Mpangaji wa Kenya anapaswa kuuliza mwenyewe: rangi hii ilipakwa lini, na kabla ya kupakwa upya itakwanguliwa vipi?

Huku ukingoja jibu, yapo mengi yasiyohitaji idhini ya mtu wala fedha nyingi.

Acha kufagia kwa ufagio mkavu chumba anachochezea mtoto. Piga deki kwa kitambaa kilicholowa, angalau mara moja kwa wiki, na zaidi kandokando ya madirisha na milango. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, la sivyo utakuwa unalihamisha vumbi tu.

Sogeza kitanda cha mtoto mbali na dirisha linaloambuka. Weka kabati au sofa mbele ya ukuta uliochakaa ili asiufikie. Okota magamba yote ya rangi yanayoonekana na uyafungie katika mfuko. Palipoambuka, bandika utepe mpana au karatasi nzito kwa muda.

Mnawishe mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Osha vinyago na chuchu za chupa mara kwa mara. Viatu vivuliwe mlangoni, desturi ambayo watu wa Pwani wanayo tangu jadi na ambayo huzuia udongo wa nje kuingia ndani. Uani, funika udongo mtupu ulio chini ya kuta kwa nyasi au kokoto, na mtoto achezee mbali nao.

Chakula nacho ni kinga. Mtoto mwenye njaa, au aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalisiamu, hufyonza risasi zaidi. Maharagwe, ndengu, nyama na mayai humpa chuma. Maziwa na omena humpa kalisiamu. Mboga za majani kama terere zina yote mawili, na machungwa au maembe husaidia chuma kufyonzwa. Chakula hakiondoi sumu iliyopo, ila huipunguzia nafasi ya kuingia.

Kuhusu maji, baadhi ya majengo ya zamani sana yana mabomba ya risasi au maungio yaliyochomelewa kwa madini hayo. Kuchemsha maji huua viini lakini hakuondoi risasi. Penye shaka, yaache maji yaliyolala bombani usiku yatiririke kwanza, na uyatumie kufulia au kupigia deki badala ya kumpikia mtoto uji.

Pia nyumba yaweza kuwa safi na sumu ikaingia kwa mlango mwingine. Aina fulani za wanja wanazopakwa watoto machoni, sufuria zilizoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, viungo vilivyotiwa rangi na betri za magari zinazovunjwa uani zimewahi kupatikana na risasi. Ikiwa baba ni fundi wa betri, wa rangi au wa kuchomelea, aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Upimaji wa damu

Njia ya pekee ya kujua kama mtoto ameathirika ni kupima damu yake. Si kila kliniki yenye uwezo huo, lakini daktari anaweza kuchukua damu na kuituma katika maabara inayofaa. Mweleze bayana: tunaishi katika nyumba ya zamani, rangi inaambuka, au nyumba ilikarabatiwa mtoto akiwa ndani. Umri wa kuangaliwa kwa makini zaidi ni kati ya miezi sita na miaka mitatu, wakati mtoto anatambaa, anasimama na kuonja kila kitu.

Iwapo kipimo kitaonyesha risasi, jambo la kwanza ni kutafuta chanzo na kukiondoa. Mtoto akipewa dawa kisha akarudishwa katika chumba kile kile chenye vumbi lile lile, ni sawa na kukausha sakafu huku bomba likiendelea kuvuja. Ndugu zake wapimwe pia, pamoja na mama akiwa mjamzito au ananyonyesha. Mama asikimbilie kumwachisha mtoto ziwa kabla ya kushauriana na daktari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakizungumza kwa mafumbo, lakini kwa mzazi anayeishi katika nyumba ya zamani maneno hayo yana maana yake ya wazi kabisa. Ukuta unaweza kujengwa tena. Akili ya mtoto iliyodumazwa na risasi haina fundi wa kuijenga upya. Leo jioni, kabla ya kumlaza, pitisha kidole chako kwenye kizingiti cha dirisha lililo karibu na kitanda chake. Kikitoka na unga, tafuta ndoo, sabuni na kitambaa.